Kifutu Hamkimbizi Mtu


Huko Baringo tulijitolea kufuatilia vifutu waliowekewa mwilini kifaa kidogo cha redio. Kila siku tulibeba antena na kusikiliza mlio. Mara nyingi tulimkuta nyoka palepale tulipomwacha jana, ametulia kwenye majani makavu, haonekani hata kwa hatua mbili. Hamkimbizi mtu; hukanyagwa, ndipo huuma.

Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba nyoka huua watu 81,000 hadi 138,000 kila mwaka. Mwaka 2019 liliweka lengo la kupunguza vifo hivyo kwa nusu ifikapo 2030.

Basi tunaziomba parokia tochi, buti za wakulima, na usafiri wa kumwahisha hospitali aliyeumwa, bila kumchanja wala kumfunga kamba.