Kuanguka kutoka Juu ya Paa
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Tinde)



Hapa Tinde, zikutanapo njia za Shinyanga, Nzega na Kahama, nyumba za bati zimezidi, na nyingi ni zetu sisi watumishi. Kila paa lilipandwa na fundi na saidia wake. Je, nani miongoni mwetu aliyaandika majina yao?

Twamkumbuka kijana mmoja aliyekuwa akipigilia bati asubuhi, umande haujakauka. Mti wa jukwaa ulikatika, akaanguka chali. Wenziwe, kwa huruma, walimnyanyua kwa mikono na miguu, wakampakia garini. Huruma ya namna hiyo ina hatari, kwani uti wa mgongo ukivunjika, kumkunja mgonjwa kwaweza kumpoozesha. Kama hapana budi kumwondoa, abebwe na watu kadha juu ya ubao, shingo na mgongo vimenyooka. Kijana yule hatembei tena. Fidia hakupata, maana jina lake halikuwamo katika daftari lolote.

Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 iliiondoa ile ya zamani za ukoloni, ikaanzisha Mfuko wa Fidia. Mwajiri ndiye achangiaye; mfanyakazi hakatwi hata senti. Aumiaye kazini hulipiwa matibabu. Akipata kilema cha kudumu hulipwa yeye, akifa hulipwa wamtegemeao. Lakini ajali ikikaa miezi 12 bila kuarifiwa, haki hupotea. Tena fundi aliyepatana nasi kwa maneno matupu, kwa kazi moja tu, si rahisi ahesabiwe kuwa mwajiriwa.

Basi, ndugu zetu, twaomba mambo matatu. Kwanza, tumtafute mkandarasi anayeuchangia Mfuko. Tukimchukua fundi wa mtaani, tuandikiane mapatano, na nani atamtibu akiumia. Pili, tununue miti imara ya jukwaa, na ngazi ifungwe kwa juu. Tatu, mtu asipande bati lingali na umande, wala upepo ukivuma.

Wahenga walisema, kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Tusiseme ni bahati mbaya, hali miti mibovu tuliinunua sisi wenyewe. Kuandika ni kazi yetu ya kila siku. Tuwaandikie na hao.