Kwa Nini Mgonjwa Husubiri: Upangaji wa Dozi ya Mionzi katika Saratani ya Mapafu



Jamaa za wagonjwa hutuuliza swali hili mara kwa mara: daktari amekwisha kusema kwamba mzee wetu ana saratani ya mapafu na kwamba atatibiwa kwa mionzi, mashine ipo na inafanya kazi, mbona anapigwa picha, anachorwa alama kifuani, kisha anarudishwa nyumbani asubiri? Uchungu wa swali hilo tunaufahamu. Kwa hiyo tumeona tueleze kinachofanyika katika siku hizo, na yale ambayo mgonjwa ana haki ya kuyauliza.

Mionzi ya tiba hupimwa kwa kizio kiitwacho grei. Pale ambapo saratani imekua ndani ya kifua lakini haijasambaa kwingine mwilini, mpango unaotumika sana duniani ni grei 60, zikigawanywa katika vipindi 30 vya grei 2, siku tano kwa juma, kwa majuma sita. Mgawanyo huo huzipa sehemu zilizo nzima nafasi ya kujirekebisha. Lakini kifuani pamebanana. Jirani na uvimbe upo moyo, lipo umio, na ipo mishipa ya fahamu iliyomo ndani ya uti wa mgongo, ambayo wapangaji hujitahidi isipate zaidi ya grei 45 hadi 50, kwani ikizidishiwa mgonjwa aweza kupooza.

Tena pafu limejaa hewa. Uzito wake kwa ujazo uleule ni kama robo au theluthi ya ule wa maji, na mionzi haipiti humo kama ipitavyo katika nyama. Zamani hesabu zilifanywa kana kwamba mwili wote ni maji. Matokeo yake, ukingo wa uvimbe uliweza kupata dozi pungufu kuliko iliyoandikwa kwenye faili. Leo programu za kompyuta husoma picha za CT na kuhesabu kila sehemu kwa uzito wake halisi. Na pafu halitulii: uvimbe ulio sehemu ya chini, karibu na kiwambo, waweza kusogea zaidi ya sentimita moja kwa kila pumzi. Ndiyo maana mgonjwa huambiwa apumue kama kawaida wakati wa kupigwa picha. Akijikaza kwa hofu, picha itaonyesha pumzi ambayo hatakuwa nayo siku ya tiba.

Wapo wanaoomba wapewe "dozi kali" ili wamalize ugonjwa upesi. Jambo hilo lilikwisha kujaribiwa. Utafiti mkubwa uliofanyika Marekani na Kanada, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2015, ulilinganisha grei 60 na grei 74. Waliopewa 74 hawakuishi zaidi; waliishi muda mfupi zaidi, wastani wa kati ukiwa miezi 20.3 dhidi ya 28.7.

Kwa upande wetu wasimamizi, kazi ni kuhakikisha kwamba mashine inatoa kile kilichoandikwa. Tangu mwaka 1969 Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki na Shirika la Afya Duniani hutuma vipimo vidogo kwa posta hadi hospitali mbalimbali; huwekwa chini ya mashine, hupigwa mionzi, kisha hurudishwa kusomwa. Tofauti ikipita asilimia 5, sababu hutafutwa. Ni kifurushi kidogo mno kwa kazi kubwa kiasi hicho.

Sasa yanayomhusu mgonjwa mwenyewe. Alama za kifuani zisisuguliwe wakati wa kuoga. Aliyewahi kupigwa mionzi ya tiba, hata miaka mingi iliyopita na hata katika hospitali nyingine, aseme na apeleke kumbukumbu zake. Vivyo hivyo mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo. Akikonda sana katikati ya tiba awaambie wataalamu, kwa sababu mpango uliotengenezwa kwa mwili wa juma la kwanza huenda usimfae tena. Wala asiruke siku kwa hiari yake. Nauli ikiwa tatizo, alitaje mapema kwa wahudumu.

Kuhusu kusubiri, tuseme wazi. Kusubiri dozi ipangwe na kukaguliwa ni jambo moja. Kusubiri kwa sababu foleni ni ndefu au mashine imeharibika ni jambo jingine. Mgonjwa anastahili kuambiwa yuko katika lipi, na jamaa wasione haya kuuliza: "Je, mpango umekwisha kukaguliwa na mtaalamu wa fizikia tiba? Tarehe ya kuanza ni ipi?"

Na endapo katika siku hizo atabanwa na pumzi, uso na shingo vikavimba, akatema damu nyingi, au miguu ikaanza kuishiwa nguvu, asingoje tarehe aliyopewa. Arudishwe hospitali siku hiyohiyo. Kwa hali za dharura kama hizo upo mpango mwepesi zaidi, ambao waweza kutengenezwa kwa muda mfupi.