CHETI NI MALI YA ALIYEKISOMEA
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi)

Bwana Mwenyekiti, wazee wetu waheshimiwa, mabibi na mabwana, na nyinyi vijana ambao khasa ndio niliokusudia kusema nanyi,



Nimetakiwa nizungumze juu ya cheti cha mtihani, jambo ambalo wengi hulidharau mpaka siku linapowafungia mlango. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila khabari. Na elimu ni mali, na daftari lake ni cheti.

Nianze na lililotufika nyumbani. Mtoto wa dada yangu alifaulu Kidato cha Sita, tukafurahi na kumshukuru Mungu. Alipokwenda skuli kuchukua cheti akaambiwa kuwa adaiwa ada ya muhula mmoja, na mpaka ilipwe cheti kitabaki kabatini. Baba yake ni mvuvi, na msimu ule bahari haikumpa kitu. Siku tuliyomaliza kulipa, kazi aliyokuwa akiiomba ilikwishafungwa. Je, ndugu zangu, deni lile lilikuwa la nani? Lilikuwa la baba. Na aliyeadhibiwa ni nani? Ni kijana aliyekesha kwa kibatari. Mwenye kudai ana njia zake za kudai. Lakini kumzuilia mtu cheti ni kumkata mkono ambao ndio ungelilipa deni hilo.

Zamani za ukoloni karatasi hii ilitoka Cambridge, Uingereza. Baadaye likaja Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, na Tanzania ikajitoa humo mwaka 1971. Kwa Sheria Nambari 21 ya mwaka 1973 likaundwa Baraza la Mitihani la Tanzania, ndilo ambalo mpaka leo hutoa vyeti vya Kidato cha Nne na cha Sita, Bara na Visiwani. Baraza huvipeleka vyeti kwenye skuli au kituo alichofanyia mtihani mtu, naye huvifuata huko. Basi cheti kimeshatoka Dar es Salaam, kimevuka bahari, kisha hukwama mwendo wa dakika chache kutoka nyumbani kwa mwenyewe!

Wako vijana wasemao: "Matokeo yangu yamo kwenye intaneti, cheti cha nini?" Huko ni kujidanganya. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma huandika wazi katika matangazo yake kuwa hati za matokeo ya Kidato cha Nne na cha Sita hazikubaliwi. Kitakiwacho ni cheti chenyewe. Na aliyesoma nje ya nchi hutakiwa vyeti vyake vya sekondari vithibitishwe na Baraza la Mitihani, na vya chuo vithibitishwe na Tume ya Vyuo Vikuu.

Wala ukali huu haukuzuka bure.  Mwezi wa Aprili 2017 Rais Magufuli alikabidhiwa orodha ya watumishi 9,932 walioonekana kuwa na vyeti vya kughushi. Mwizi wa jina la mwenziwe ndiye aliyewafanya wakweli watiliwe shaka.

Sasa sikilizeni mambo manne.

La kwanza ni jina. Cheti cha kuzaliwa kikisema Khamis na cha skuli kikisema Hamisi, ofisi itaona watu wawili. Wazazi, litazameni jina siku mtoto anapoandikishwa mtihani, si siku ya kuomba chuo.

La pili, cheti cha kuzaliwa chenyewe. Bodi ya Mikopo hutaka kiwe kimehakikiwa, na kwa aliyezaliwa Visiwani kazi hiyo ni ya Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar. Msingoje wiki ya mwisho.

La tatu, kifuateni cheti mara kinapofika skuli, mkitoe nakala, na asili yake muiweke mbali na mvua na mchwa.

La nne, kikipotea, mtu asikae kimya wala asinunue cha kichochoroni. Atoe taarifa Polisi, apate hati ya kupotelewa, ndipo apeleke maombi yake Barazani.

Bwana Mwenyekiti, natoa shauri. Tawi liandike majina ya vijana wetu wote ambao vyeti vyao vimezuiliwa, bila ya kuuliza baba wa kijana ni wa chama gani. Kisha wazee watatu waende kwa walimu wakuu kwa adabu, wakaombe deni ligawanywe kwa miezi na cheti kitolewe. Wakikataliwa, tupeleke orodha hiyo Wizarani kwa maandishi, na Wawakilishi wetu waulize Barazani.

Ajizi ni nyumba ya njaa. Kijana amekwisha kufanya kazi yake katika chumba cha mtihani. Iliyobaki ni yetu.