Askari Walioungua na Hospitali ya East Grinstead



Askari arudipo vitani na jeraha, watu humpokea kwa heshima na shangwe. Lakini shangwe haidumu, na jeraha hudumu. Kwa hiyo deni la nchi kwa askari wake haliishi siku ile apewapo nishani. Deni hilo humfuata hospitalini, tena kwa miaka mingi, na hulipwa kwa elimu na uvumilivu wa madaktari na wauguzi. Habari za hospitali ya East Grinstead, mji mdogo ulio kusini ya London, zaonyesha jinsi deni hilo lilivyolipwa, na jinsi faida yake ilivyofika hata Afrika ya Mashariki.

Katika Vita Kuu ya Pili, iliyoanza mwaka 1939, marubani wa ndege za Hurricane na Spitfire walikaa karibu sana na matangi ya petroli. Risasi ikipiga tangi, moto uliingia mara moja mahali pa rubani, ukamwunguza uso na mikono. Wengi wa majeruhi hao walikuwa vijana waliopita miaka 20 kwa kidogo tu. Waliokolewa na mauti, lakini walibaki bila kope, bila pua, na vidole vimekunjamana.

Daktari aliyekabidhiwa kazi ya kuwatibu alikuwa Archibald McIndoe, mzaliwa wa New Zealand. Kazi ya kutengeneza nyuso alijifunza kwa jamaa yake, Harold Gillies, ambaye katika Vita Kuu ya Kwanza aliwatibu maelfu ya askari walioharibiwa nyuso kwa risasi na mizinga. Mwaka 1938 McIndoe alifanywa mshauri wa Jeshi la Anga la Uingereza, na mwaka 1939 akahamia Queen Victoria Hospital, huko East Grinstead.

Dawa iliyosifiwa siku zile ilikuwa asidi ya taniki, nayo ni ya jamii moja na ile dawa ipatikanayo katika maganda ya mkoko, itumiwayo kutengenezea ngozi za wanyama. Ikipakwa juu ya mwili ulioungua ilifanya gamba gumu, na madaktari wengi waliamini ya kuwa gamba lile ni kinga. McIndoe hakutosheka na imani hiyo. Aliwatazama wagonjwa wake mmoja mmoja, akaona ya kuwa usaha hujificha chini ya gamba. Kwamba vidole hubanwa hata damu isipite. Na kwamba kope huvutwa hata macho yasiweze kufumba, mtu akawa katika hatari ya kupofuka. Tena ilionekana ya kuwa majeraha ya marubani walioanguka baharini yalipona vizuri kuliko ya wale walioanguka nchi kavu.

Basi dawa ile ikaachwa. Wagonjwa waliogeshwa katika maji ya chumvi yenye uvuguvugu, na vidonda vikafunikwa kwa kitambaa chepesi kilichopakwa vaselini. Wahenga walisema kupotea njia ndiko kujua njia. Lakini neno hilo lamfaa yule tu akubaliye ya kuwa amepotea.

Kisha ilikuja kazi ndefu ya kutia ngozi mpya. Kope zilitengenezwa kwa ngozi nyembamba iliyotwaliwa mahali pengine mwilini. Kwa pua, kipande cha ngozi kilishonwa mfano wa mrija, kikaachwa kimeshikamana na mwili ili kilishwe damu, hata kilipoota mahali pake papya. Kila hatua ilingojewa kwa majuma, na wagonjwa wengine walipasuliwa mara nyingi kwa muda wa miaka.

McIndoe alijua pia ya kuwa uso uliotengenezwa haufai kitu ikiwa mwenyewe aogopa kutoka nje. Aliwaruhusu majeruhi wavae mavazi yao ya kijeshi badala ya nguo za hospitali. Aliwaomba wenyeji wa mji wawakaribishe nyumbani mwao na wasiwakodolee macho, nao wakaitika. Alipinga kanuni ya kumwondoa jeshini majeruhi asiyepona katika siku 90, kwa maana ilimkatisha mtu mshahara na tumaini kabla matibabu hayajaisha.

Mwaka 1941 wagonjwa wenyewe waliunda chama, wakakiita Guinea Pig Club, kwa jina la mnyama mdogo ambaye wataalamu humtumia kujaribia dawa. Mtunza fedha alichaguliwa mtu aliyeungua miguu, ili asiweze kukimbia na fedha. Vita ilipokwisha mwaka 1945 wanachama walikuwa 649, wakaendelea kukutana na kusaidiana kwa miaka zaidi ya 60.

Majeraha ya vita yaliamsha na utafiti mwingine. Methali husema nguo ya kuazima haisitiri, na ngozi ya kuazima vivyo hivyo, kwa kuwa mwili huikataa. Peter Medawar alitakiwa kuchungua sababu, ili walioungua wapate kusaidiwa. Mwaka 1943 yeye na Thomas Gibson walionyesha ya kuwa ngozi ikitolewa mara ya pili kwa mtu yuleyule hukataliwa upesi kuliko mara ya kwanza. Medawar alishiriki Tuzo ya Nobel mwaka 1960, na elimu hiyo ni msingi mmoja wa kazi ya leo ya kuhamisha figo na viungo vingine.

Miongoni mwa madaktari waliojifunza kwa McIndoe walikuwa Michael Wood, aliyefanya kazi Kenya, na Thomas Rees wa Marekani. Watu hao watatu walishauriana chini ya mlima Kilimanjaro jinsi ya kuwafikia wagonjwa walio mbali na hospitali, na mwaka 1957 wakaanzisha shirika lililojulikana kwa Madaktari Warukao, yaani AMREF. McIndoe alifariki mwaka 1960, lakini shirika hilo lingali na makao yake makuu Nairobi. Hivyo ustadi uliopatikana kwa mateso ya marubani wa Ulaya ulikuja kumfaa mchungaji wa ng'ombe na mtoto aliyeangukia moto wa jikoni.

Yafaa kila hospitali itunzayo askari wastaafu ikumbuke mfano huo. Dawa isisifiwe kwa sababu ya uzee wake, bali itazamwe imemfanyia nini mgonjwa. Wala mgonjwa asihesabiwe kuwa amepona kidonda kifungapo, bali siku ile awezapo kufanya kazi, kuketi na wenziwe, na kutembea njiani bila kuficha uso wake.