Dawa za Baridi Yabisi si za Juma Moja



Leo tuzungumze juu ya baridi yabisi. Wengine husema, "Umesimama mno kwenye maji ya mpunga." Sivyo. Kama ingekuwa hivyo, bonde zima la Kilombero tungekuwa vilema!

Mwili una askari wake wa kupigana na vijidudu. Katika ugonjwa huu askari hao hukosea, wakashambulia viungo vya mwili wenyewe. Vidole huvimba. Asubuhi mikono hukaza saa nzima au zaidi, hata jembe hulishiki. Akina mama huugua zaidi. Ukichelewa, vidole hupinda, na vikishapinda dawa haivinyooshi. Basi nenda upimwe mapema, pale Ifakara katika Hospitali ya Mtakatifu Fransisko.

Dawa inayotumika sana ni vidonge vya methotreksati. Hapa sikilizeni vizuri. Humezwa siku moja tu kwa juma. Siyo kila siku! Ukimeza kila siku vinaweza kukuua. Mwenye mimba asimeze kabisa. Na damu ipimwe mara kwa mara, maana vidonge hivi vinaweza kuumiza ini.

Ziko pia sindano za kisasa, zilizotengenezwa kwa chembe hai. Huko Marekani zilianza kuruhusiwa kwa ugonjwa huu mwaka 1998. Zinawatuliza wale askari, na wagonjwa wengi wamepata nafuu kubwa. Lakini ni ghali mno, na lazima zikae kwenye jokofu. Tena askari wakitulizwa, kifua kikuu kilicholala mwilini kinaweza kuamka. Kwa hiyo mgonjwa hupimwa kifua kikuu kwanza. Akiwa kwenye sindano, akapata homa au kikohozi kisichokwisha, asikae nyumbani.

Sasa, kosa letu kubwa. Mtu akipata nafuu anasema, "Nimepona," anaacha dawa. Miezi michache baadaye viungo vimevimba tena. Dawa hizi hutuliza ugonjwa, haziung'oi. Kupunguza ni kazi ya daktari.

Bibi mmoja aliniuliza, "Mwanangu, nitameza mpaka lini?" Nikamwambia, "Bibi, pengine miaka mingi." Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Haya. Nitameza siku ya gulio, hiyo siisahau."