Mazoezi ya Mwili na Akili ya Karani
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Kwa idhini yenu nataka kusema machache juu ya jambo lililotugawa katika mkutano uliopita, yaani zile fedha za kiwanja na mipira. Wako wazee wetu wasemao kwamba michezo ni ya vijana, na kwamba heri fedha hizo zinunue viti. Nawaheshimu, lakini viti, mabwana, hatukupungukiwa navyo. Kazi yetu ni kukaa. Twakaa tangu asubuhi hata jioni, kisha twashangaa mbona jalada tuliloliweka jana leo hatukumbuki lilipo, na mbona twarudi nyumbani na hasira ambayo mke na watoto hawakuileta.

Sikilizeni basi habari za wataalamu. Mwaka 2011 Kirk Erickson na wenzake huko Marekani walitangaza habari za wazee 120. Nusu yao walitembea kwa haraka dakika 40, siku tatu kila juma, muda wa mwaka mzima. Nusu walinyosha viungo tu. Ndani ya ubongo mna sehemu iitwayo hipokampasi, nayo ndiyo itumikayo sana katika kukumbuka. Kwa kawaida hupungua uzeeni. Kwa wale watembeaji iliongezeka kadiri ya asilimia 2. Kwa wenzao ilipungua. Tena katika watembeaji, wale ambao sehemu hiyo ilikua zaidi ndio waliozidi kukumbuka mahali vitu vilipokuwa.

Kadhalika mwaka 1999 James Blumenthal na wenzake waliwachunguza watu 156, wenye umri wa miaka 50 na zaidi, walioshikwa na ugonjwa wa huzuni. Wengine walipewa dawa, wengine mazoezi, wengine vyote viwili. Dawa ilitangulia kuleta nafuu, lakini baada ya majuma 16 makundi yote matatu yalikuwa karibu sawa. Sisemi mgonjwa atupe dawa yake. Na amwendee daktari. Nasema tu kwamba moyo mzito na mwili uliolala ni majirani.

Nanyi wazee wetu, angalieni: wale 120 hawakucheza mpira. Walitembea. Shirika la Afya Duniani, katika shauri lake la mwaka 2020, lataka mtu mzima apate walau dakika 150 kwa juma za mazoezi ya kiasi. Ndiyo nusu saa kwa siku tano. Njia ya kurudi nyumbani yatosha.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Fedha za kiwanja zibaki kama zilivyo, na kila Jumamosi jioni wanachama wa kila umri watembee pamoja. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nasi tumekaa mno, hata kuinama kwatuuma.

Nimekwisha.