Amana ya Udongo Chini ya Miti Yetu

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, aliyetuteremshia mvua na kutuoteshea miti na matunda. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, jamaa zake, sahaba zake na wote waliowafuata kwa wema.

Ama baada ya hayo, enyi ndugu Waislamu, mliohudhuria msikitini na mnaotusikiliza majumbani, nakuusieni, na nafsi yangu naiusia kwanza, kumcha Mwenyezi Mungu. Na katika kumcha ni kuchunga amana. Leo tutazungumza juu ya amana tunayoikanyaga kila siku bila ya kuifikiri, nayo ni udongo. Tumeumbwa kwa udongo, tukikosa maji hutayamamu kwa udongo, na mwisho wetu ni udongoni. Vipi basi tuuone kuwa ni kitu duni?

Ndugu zangu, nitakuelezeni kosa langu mwenyewe, ili lipate kuwa funzo. Marehemu baba yetu alituachia shamba la michungwa huko Muheza, katika mkoa wa Tanga, mahali penye mteremko. Sisi wanawe tuliona aibu watu waseme kuwa shamba la marehemu limeingia mwitu. Kila ilipokaribia masika tukatia vibarua, wakalima chini ya miti mpaka usione hata jani moja, na takataka zote zikachomwa moto. Wapita njia wakatusifu: shamba safi! Nasi tukafurahi kwa sifa hizo.

Bondeni alikuwako jirani yetu, bi kizee mjane, mwenye kisima. Siku moja baada ya mvua kubwa aliniita, akanionyesha ndoo ya maji mekundu kama ya kufinyangia. Akasema, "Mwanangu, shamba la baba yako linahamia kisimani kwangu." Nilirudi shambani nikatazama kwa jicho jingine. Mizizi ya michungwa ilikuwa nje, na machungwa yalikuwa yakipungua ukubwa mwaka hadi mwaka. Kumbe usafi ule tuliosifiwa ulikuwa ni kuuvua udongo nguo zake, na kumdhuru jirani kwa tusichokikusudia.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, sharia yetu haimruhusu mtu kumdhuru mwenziwe, na kutokusudia hakuliondoi jukumu la mtu baada ya kuonyeshwa. Nilikwenda kwa bwana shamba kutaka ushauri, na haya ndiyo niliyojifunza.

Tone la mvua liangukapo juu ya ardhi tupu huipiga na kuivunjavunja. Chembe za udongo huziba vitundu vya ardhi, maji yakakosa njia ya kuingia, yakateremka mbio na kuchukua udongo wa juu, ambao ndio wenye rutuba. Udongo huo huchukua mamia ya miaka kufanyika hata unene wa kidole kimoja, na mvua ya masika moja yaweza kuuondoa. Lakini ardhi ikiwa imefunikwa, tone huangukia jani, nguvu zake zikavunjika, maji yakazama taratibu. Jua nalo haliichomi ardhi hiyo, na nyungunyungu hupata makao, wakaichimba na kuilainisha.

Mimea ya jamii ya kunde ina fadhila zaidi: kunde, fiwi, marejea na mfano wa hiyo. Ing'oe polepole utazame mizizi yake, utaona vifundo vidogo. Humo mna viumbe visivyoonekana kwa macho, vinavyochukua nitrojeni ya hewani na kuifanya chakula cha mmea. Pasua kifundo, ukikiona ndani kina wekundu, jua kuwa kazi inafanyika. Mmea ukikatwa na kuachwa uoze, chakula kile hubaki ardhini na mti wako hufaidika.

Elimu hii ya kuutazama udongo kabla ya mti si ngeni kwetu. Ibn al-Awwam, mwanachuoni wa Kiislamu aliyeishi Ishbilia ya Hispania katika karne ya 12, alikianza kitabu chake cha kilimo kwa kueleza aina za udongo, kisha mbolea, kisha maji. Na leo katika nchi hiyo hiyo wako wenye mizabibu wanaoacha majani au kupanda jamii ya kunde baina ya mistari.

Lakini kila jambo lina adabu yake. Panda mbegu mwanzo wa mvua. Acha uwazi wa hatua moja kuzunguka kila shina, na mmea upandao kama fiwi uteremshe usije ukausonga mti mchanga. Ukianza kutoa maua, ukate, uyalaze majani papo hapo wala usiyachome. Usiuache mrefu mpaka kiangazi, kwani utagombania maji na mti wako, na ukikauka utakaribisha moto. Na penye kivuli kizito, ambapo kunde hazistawi, fyeka majani badala ya kulima, na uliache jani lililopukutika mahali pake.

Na mjue kuwa dawa hii haiponyi kwa siku moja. Masika ya kwanza maji ya kisima yalikuwa bado mekundu. Ya pili yakapungua. Nilimwendea bi kizee nikamtaka radhi, naye, Mungu amrehemu, akanisamehe. Radhi yake niliipata. Udongo uliokwenda sikuupata, wala hautarudi katika umri wangu wala wa wanangu.

Ndugu Waislamu, Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa apandaye mti, akala kwao ndege, mtu au mnyama, huandikiwa sadaka. Basi tusiikate sadaka hiyo kwa mikono yetu, nasi twadhani tunasafisha. Na enyi vijana wanafunzi, mkirudi nyumbani leo, waulizeni wazee wenu: shamba letu limevaa nini?

Twamwomba Mwenyezi Mungu atubarikie mvua zetu na mashamba yetu, atupe hifadhi ya haki za jirani, na awarehemu waliotutangulia. Nasema maneno yangu haya, na ninamwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yangu na yenu. Amin.